Mwanamke Aliyelia Ndani ya Santuri

Mwezi uliopita tulimzika Baba Mukubwa Wilondja, kaka mkubwa wa baba yangu, na kijana mmoja wa redio akashika kipaza sauti mbele ya jeneza akasema kwamba mji wa Baraka umepoteza sikio. Sikio! Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mwanamke mmoja nyuma yangu akalia kwa sauti, nafikiri ni kwa sababu ya jua. Kijana akaendelea: marehemu ndiye alikuwa wa kwanza katika Fizi yote kuwa na santuri za jazi za Wamarekani weusi, alikuwa mtu wa utamaduni, aliketi na sanaa kubwa wakati wenzake wameketi na pombe ya lutuku. Kisha wakaunganisha simu na spika, na ngoma za santuri ninayoijua zikatoka, zimechakazwa na spika mbovu, zikapita juu ya makaburi.

Nilikuwa nimekuja kwa adabu. Nilivaa kikwembe cheusi, nilileta unga wangu kama ndugu wengine. Lakini ngoma zile ziliponifikia, harufu ikanijia kabla ya kumbukumbu yoyote: makaratasi ya zamani yaliyolala ndani ya sanduku la bati pamoja na vidonge vya kuua nondo, mafuta ya nywele ya mwanaume, na joto la nyumba iliyofungwa madirisha yote mchana. Nikajua kwamba nikibaki pale nitacheka au nitatema mate. Nikaondoka. Ninayoyasema hapa nayasema kwa watu wa rika langu, ambao wazazi wao walikunywa bia katika nyumba ya Baba Mukubwa wakaiita nyumba ya elimu.

Mimi nilizaliwa Kilembwe, kwa wakulima wa muhogo. Meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya baba yangu aliponipeleka Baraka kwa kaka yake, nikasome kwenye shule ya maana. Baba Mukubwa alikuwa Inspekta wa shule za msingi, cheo ambacho katika ukoo wetu kilitamkwa kama watu wengine wanavyotamka jina la mtakatifu. Alikuwa amesoma Ulaya kwa muda, akarudi na suti mbili, kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kusema neno hata kama neno lenyewe ni “chumvi”, na sanduku la santuri, disque kama alivyoziita. Kikohozi kilidumu kuliko suti.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma na mabati. Ndani kulikuwa na chumba alichokiita salon, na ndani ya salon mashine ya santuri iliyokula umeme wa betri ya gari, imewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe cha kufuma. Kitambaa kilifumwa na mke wake, Mama Mukubwa Faida. Alikuwa mwanamke mrefu wa Nundu, binti wa wavuvi, aliyeweza kupaa samaki akitazama mawingu na asijikate. Mtoto wao mmoja wa kiume alikuwa anasoma Uvira kwa mapadri, akilala hukohuko. Hivyo nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mke wake, na mimi. Na Jumapili walikuja wasikilizaji.

Wasikilizaji walikuwa watatu vilevile. Wa kwanza alikuwa Préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari, mtu mwenye shingo nene iliyomwagika juu ya kola. Wa pili alikuwa Greffier, karani wa mahakama. Wa tatu alikuwa muuguzi wa zahanati, ambaye wote walimwita Docteur na yeye akaitikia bila haya. Walifika Mkatoliki kutoka misa na Mprotestanti kutoka ibada, wamepatana katika jambo moja tu, bia ya bure. Hakuna aliyeruhusiwa kuchezesha mguu. Baba Mukubwa alifundisha kwamba mguu ni wa rumba, na rumba ni ya wajinga. Jazi husikilizwa kwa kichwa. Basi wakaketi na vichwa vyao. Préfet alikuwa akitikisa chake, lakini kilifika kila mara baada ya ngoma kupita, kama mtu anayekimbilia lori lililokwisha ondoka. Greffier alifumba macho tangu mwanzo, akasema kwa sauti ya chini kwamba muziki huu una kina, kisha akakoroma. Docteur alisema “magnifique”, yaani safi ajabu, kila mwanzo wa chupa mpya.

Na mimi nilikuwa kasuku. Kabla ya santuri ya kwanza niliitwa katikati ya salon, nimeoshwa, nimepakwa mafuta mpaka magotini, na Baba Mukubwa akainua ganda la santuri aliyoipenda kuliko zote. Juu yake palikuwa na picha ya mtu mweusi anayevuja jasho, macho yamefumbwa, mdomo wazi, fimbo mbili mikononi, na nyuma yake mwenzake mwenye tarumbeta.

“Mutoto, kuya hapa. Uyu ni nani?”

“Le batteur, Baba Mukubwa.”

“Na uyu mwenye kuwa nyuma yake?”

“La trompette.”

“Munaona!” Akawageukia wageni. “Uyu alitoka Kilembwe juzi. Mu Kilembwe!”

Wakapiga makofi. Sitasema uongo, nilifurahi. Mtoto hufurahia makofi yoyote.

Kwa wale wasiojua, batteur kwa Kifaransa ni mpiga ngoma. Mtu yule wa kwenye picha, mwenyewe Baba Mukubwa alitueleza, alikuwa mpiga ngoma mashuhuri huko Amerika, kiongozi wa bendi, na vijana waliopita mikononi mwake wakawa mashuhuri nao. Haya yote ni kweli. Ukubwani, nilipokuwa chuo cha ualimu Bukavu, rafiki yangu alikuwa na muziki uleule, na siku moja nilimwomba aniwekee. Nilishika kiti kwa mikono miwili kama mtu anayengojea kung’olewa jino. Tarumbeta na saksofoni zikaingia pamoja, zikisema neno moja kwa midomo miwili, kama ndugu wanaomshtaki mtu mmoja. Piano ikajibu kama waumini wanavyomjibu mhubiri. Chini yao toazi moja la shaba, ting, ti-ting, ting, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe huku anawaza jambo lake. Kisha yule bwana akaanza kuviringisha fimbo, polepole, kutoka chini kabisa, kama mvua inayovuka ziwa kutoka upande wa Ubwari: unaiona nyeupe juu ya maji kabla hujaisikia, halafu ghafla iko juu ya mabati yako na hamsikilizani tena nyumbani. Na mvua hiyo haikumzima mpiga tarumbeta. Ilimsukuma mgongoni, ikamwambia sema, sema yote, nipo. Ni muziki wa watu waliotoka jasho, wenye huruma ndani yake. Nililia. Rafiki yangu akadhani naelewa jazi. Kwamba muziki kama ule ulifika kwetu ukiwa mikononi mwa mtu yule, dunia ina dharau zake.

Lakini utotoni sikujua hayo. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba battre ni kupiga, na katika Kiswahili chetu pia neno ni lilelile, unapiga ngoma, unapiga mtoto. Batteur ni mpigaji. Picha ilinionyesha mtu mwenye fimbo mbili, jasho, na mdomo wazi wa hasira. Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa: huyu ni mtu anayepiga watu. Ni swali moja tu lililobaki, anampiga nani. Na jibu nililipata siku za kazi.

Siku za kazi santuri zote zililala ndani ya sanduku la bati, isipokuwa hiyo ya batteur. Baadhi ya siku Baba Mukubwa alirudi kutoka ofisini jua likiwa bado kali, uso umefungwa, hasalimu mtu. Niliambiwa niende jikoni, kibanda cha udongo upande wa pili wa uwanja, nisitoke mpaka niitwe. Nikasikia madirisha yakifungwa, moja baada ya jingine. Kisha mlango. Kisha zikaanza tarumbeta. Jirani yetu, Mama Asukulu, akisikia tarumbeta za mwanzo tu, alichukua mchi akaanza kutwanga. Siku moja nilichungulia juu ya ua wa matete nikaona kinu chake kitupu.

“Mama Asukulu, munatwanga nini?”

“Muhogo,” akasema, hakunitazama, na mchi ukaendelea kugonga mti mtupu.

Halafu tarumbeta zilinyamaza, ngoma zikabaki peke yake, na hapo ndipo mwanamke alipolia ndani ya santuri. Nasema ndani ya santuri kwa sababu ndivyo nilivyosikia. Sauti ilitoka zilikotoka ngoma, ilianza baada yao kidogo na kuisha kabla yao kidogo. Mara nyingine ilisema “basi, inatosha, basi.” Sikushangaa kwamba anasema Kiswahili, batteur alikuwa mtu mweusi, kwa nini mke wake asiseme Kiswahili? Nilijipangia kisa chote nikiwa nimechuchumaa kati ya masufuria. Huko Amerika kuna mtu anampiga mke wake, na marafiki zake wanakuja kupuliza tarumbeta ili majirani wasisikie, na wazungu wameweka yote kwenye santuri na kuiuza.

Ni kichwa cha mtoto, mtasema. Lakini leo nikikitazama kisa changu, naona kwamba nilikosea nchi tu.

Baba Mukubwa aliujua wimbo ule vizuri. Alijua ngoma zinapanda wapi na zinashuka wapi, na hata siku moja mkono wake haukuchelewa ukabaki nje ya kelele. Kijana wa redio alisema kweli. Alikuwa na sikio.

Kesho yake Mama Mukubwa alitembea taratibu, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Alisema ameteleza kisimani. Alisema kichwa kinamuuma. Docteur, huyuhuyu wa magnifique, ndiye aliyemshona juu ya jicho, na alipomaliza kushona alimshauri atafute viatu vyenye kushika matope. Mimi niliamini kisima, lakini niliamini pia kwamba anasikiliza muziki ule akiwa karibu mno, na kwamba kilio cha mwanamke yule kinamwingia mwilini. Nikampa ushauri wangu, uliokuwa bora kuliko wa Docteur.

“Mama Mukubwa, Baba akitia disque ya batteur, mutoke. Mukuye tukae wote mu jikoni.”

Alikuwa anachambua majani ya sombe. Alinitazama mpaka nikaona haya, kisha akauliza, “Leo unataka kula nini?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo katika nyumba ile. Nikasema mayai. Nikapikiwa mayai, katikati ya juma, kama mgeni.

Jumapili moja wageni walikuja mapema. Préfet alikuwa ameleta bia yeye mwenyewe, jambo geni, kwa hiyo alijiona ana haki ya kuchagua. Nilipomaliza kujibu maswali yangu ya batteur na trompette, akanyoosha kidole kwenye ganda.

“Bwana Inspekta, kila siku tunaona picha. Tuskilizishe ile yenyewe leo.”

Ni kweli, santuri ile haikuwahi kuwekwa Jumapili. Sijui kwa nini. Labda alikuwa na aibu ya namna fulani, lakini sitamdhania mema. Alikohoa kikohozi chake, akasema ni ndefu, akasema betri imechoka. Préfet akasisitiza. Mbele ya wanaume wenzake Baba Mukubwa hakuweza kuonekana bahili, akaitoa, akaipangusa, akaiweka. Mimi nilisahauliwa katikati ya salon. Nikakaa chini kwenye sakafu ya simenti.

Tarumbeta zikaingia. Nikaziba masikio nusu, kama unavyoziba ukijua radi inakuja. Wanaume wakafumba macho. Tarumbeta zikanyamaza, ngoma zikabaki peke yake, nami nikangoja. Zikapanda, zikapanda tena, mpaka glasi zikatetemeka mezani. Mwanamke hakulia. Niliondoa mikono masikioni nisikie vizuri. Hakuwapo kabisa. Ngoma zikashuka, tarumbeta zikarudi, na mimi nikashikwa na hofu, kwa maana niliwahi kuona Kilembwe kwamba mtu anayelia kila siku akinyamaza, watu hukimbia kwenda kutazama.

“Baba Mukubwa,” nikasema, “na ule mwanamuke?”

“Mwanamuke gani?”

“Mwenye analiaka mu disque. Pale batteur anabakia peke yake. Siku zingine analia, anasema basi, inatosha. Leo sijamusikia.” Nikawatazama wote, maana walikuwa watu wazima wenye elimu, mmoja wao lazima ajue. “Amekufa?”

Greffier alifumbua macho, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nijue yana rangi gani. Docteur alikuwa akitazama viatu vyake kwa makini, kama kwamba ndivyo vimeuliza. Préfet akacheka, cheko fupi la puani, akasema, “Batoto ba siku hizi! Banasikiaka bintu!” Na kwa vile cheko halikupata mwenzake, santuri ikaendelea kuzunguka, na tarumbeta zikaendelea kusema, hazina habari.

Ndipo nilipomwona Mama Mukubwa. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani kubwa ya samaki, kuhe mzima ndani ya mawese, mvuke unapanda usoni mwake. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakumtazama mume wake. Aliwatazama wageni, mmoja mmoja, bila haraka, kama mama anayetafuta mtoto wake kati ya watoto wa shule.

“Mulikuwa munasikia,” akasema. “Bote. Mpaka na mutoto.”

“Faida,” akasema Baba Mukubwa, “weka chakula, uende.”

Na Greffier, karani wa mahakama, mtu aliyekaa kila siku chini ya bendera ya nchi akiandika nani amemkosea nani, alimgeukia Baba Mukubwa akasema kwa upole, kama anayeomba maji, “Bwana Inspekta, tia face B.”

Na akaigeuza! Naapa kwa mama yangu. Alikohoa, akasimama, akainua sindano, akaigeuza santuri upande wa pili, akapuliza vumbi, akaiteremsha sindano. Upande wa pili ulianza na wimbo wa taratibu.

Mama Mukubwa akaingia. Meza ya chakula ilikuwa upande wa kulia. Yeye alikwenda kushoto. Akaiweka sahani ya samaki, kwa utulivu, kama anavyoandaa kila siku, juu ya santuri inayozunguka. Mashine ikanguruma. Kuhe akazunguka na sahani yake, kichwa kikamwelekea Préfet, kikamwelekea Greffier, kikamwelekea Docteur, kisha kila kitu kikasimama na mawese yakaanza kutiririka, mekundu, juu ya kile kitambaa cheupe.

Hapo ndipo walipopiga kelele. Wote. “Disque!” alilia Préfet. “Bwana, disque! Itaharibika!” Docteur alichomoa leso yake, akaruka. Greffier alishika kichwa. Sauti zao zilisikika mpaka kwa Mama Asukulu, ambaye kwa mara ya kwanza alikuja kusimama kwenye ua wetu kuuliza nani ameumia.

Mama Mukubwa alifuta mikono yake kwenye pembe ya kitambaa iliyobaki safi. Aliponipita aliweka kiganja juu ya kichwa changu, kiganja kizito, chenye kunuka samaki. Kisha akatoka na kandambili zake za nyumbani, akashika njia ya Nundu. Hakubeba kitu. Baba Mukubwa alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine na pamba na sabuni, anasafisha mfereji kwa mfereji, na hakugeuka hata kutazama mlango. Na wale waungwana, mkitaka kujua, walimla samaki. Greffier aliuliza kama kuna pilipili.

Mimi nilirudishwa Kilembwe juu ya lori la unga kabla ya juma kuisha. Ada yangu, kiti changu cha shule, vyote vilikwisha kama mtu anavyozima taa. Baba yangu, mtu mwema ambaye alimwogopa kaka yake kuliko alivyomwogopa Mungu, alinikalisha chini.

“Ulisema maneno ile mbele ya bageni?”

“Ndiyo, baba.”

“Kwani hukuona ni bageni?”

Hakuuliza kingine. Hakuuliza maneno yenyewe ni ya kweli. Alikuwa anajua ni ya kweli; walikulia nyumba moja.

Mimi bado sikuwa nimeelewa. Nilidhani kosa langu ni kuuliza habari za mtu aliyekufa mbele ya wanywaji. Ni mama yangu aliyeniambia, tukimenya muhogo, naye hakuinua macho kwenye kisu. “Ule mwanamuke hakuwa mu disque, mwanangu.” Niliendelea kumenya. Muhogo mmoja, mwingine. Kisha kisima kikanirudia, na kilemba, na madirisha, na mchi wa Mama Asukulu kwenye kinu kitupu, kila kimoja kikikaa mahali pake kwa sauti ndogo. Tangu siku ile, mtu akiniambia fulani ni msomi, kwanza natazama mikono yake.

Yaliyompata Mama Mukubwa niliyapata baadaye, mengine kwake, mengine kwa wanawake wa Baraka, ambao hawajachoka kuyasimulia. Alifika Nundu kwa kaka zake, wavuvi wawili wenye mabega kama milango. Walimpokea, wakakasirika, wakaapa. Halafu Baba Mukubwa akatuma kreti za bia na mbuzi, na hasira yao ikaonekana haikuwa na mizizi mirefu. Walimwambia ndoa ni kuvumilia. Walimwambia yule ni mtu mukubwa, anajulikana mpaka Bukavu. Asubuhi moja wakampakia kwenye mtumbwi wa injini kama gunia, wakamrudisha Baraka.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, alikataa kushuka. Walimwomba, wakamfokea, wakamvuta mkono. Alijishikilia kwenye ubao. Ilikuwa siku ya soko. Wanawake waliokuwa wakifua wakauliza, mama, kuna nini? Akawaambia. Alisema kwa sauti, wazi, kitu kwa kitu, santuri, madirisha, Docteur na viatu vyake vya matope, face B. Wachuuzi wa ndagala, yaani dagaa, wakauliza, akaanza upya. Wakimbizi wa Burundi waliokuja kuuza maharage wakauliza, akaanza upya. Mtu mmoja alitumwa kumwita Inspekta aje amchukue mke wake. Akajibu kwamba yuko na kazi. Mpaka jua linaelekea kushuka hapakuwa na mtu Baraka aliyebaki bila kusikia, na safari hii bila ngoma. Kaka zake, ambao nyuso zao zilikuwa zimeshindwa kupata mahali pa kutazama, wakawasha injini wakamrudisha Nundu.

Baba Mukubwa alipata mke mwingine, wa mbali, ambaye kwao hawakuwa wamesikia habari. Préfet, Greffier na Docteur walirudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, mpaka uzee ukawakataza. Hawakupata aibu, wala homa. Niliambiwa tu kwamba santuri ile ilibaki na mkwaruzo katikati ya upande wa pili, na kwamba Baba Mukubwa aliwaeleza wageni ni kasoro ya kiwanda.

Mvua ziliponyesha Mama Mukubwa alituma mtu Kilembwe kwa wazazi wangu. “Ule mutoto mwenye kuuliza,” alisema, “munipatie ye. Nitamusomesha.” Baba yangu alisitasita, mama yangu alikuwa amekwisha funga nguo zangu. Nikaishi Nundu, katika nyumba ya chumba kimoja aliyoijenga karibu na maji, nikamaliza shule kwa ndagala alizokausha na kuuza. Nyumba hiyo madirisha yake hayakuwa na mbao. Palikuwa na pazia tu, na lilikuwa nje ya dirisha zaidi ya ndani, kwa upepo.

Siku za mwanzo tulikuwa tunageuza ndagala juu ya mchanga, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, akaniuliza, “Ule mwanamuke mwenye ulikuwa unasikia mu disque, weye uliwaza ni nani?”

“Niliwaza ni bibi ya batteur, muke wake.”

Akacheka sana, mpaka akakaa chini. “Masikini, bibi ya bantu! Na ulikuwa unamutakia nini?”

“Akimbie,” nikasema. “Kila mara disque ikiisha nilikuwa nasikiliza mulango. Nilitaka kusikia mulango unafunguka, anatoka.”

Hakucheka tena. Aliokota ndagala moja, akaipangusa mchanga kwa kidole gumba, akairudisha mahali pake.

“Na miye pia,” akasema. “Kila mara nilikuwa nasikiliza mulango. Nilikuwa nawaza labda muntu mumoja ataingia.”